Ndoa Ikivunjika, Ng'ombe wa Mradi Abaki kwa Nani?



Mara nyingi taarifa zetu hueleza idadi ya mitamba iliyogawiwa. Safari hii napenda tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huona haya kulisema: ndoa ya kaya iliyopewa ng'ombe inapovunjika, ng'ombe abaki kwa nani?

Katika usharika mmoja jambo hili lilitukuta hatujajiandaa. Kamati ilifungua fomu, ikakuta jina la baba peke yake, ikaamua ng'ombe abaki kwake. Mama, ambaye kila siku ndiye aliyekata majani, kukamua na kusafisha banda, alirudi kwao pamoja na watoto. Baada ya miezi michache ng'ombe alikonda na maziwa yakakauka. Watoto walikosa maziwa, na familia iliyokuwa ikisubiri ndama jike wa kwanza haikupata kitu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono uamuzi ule. Tulikosea.

Sheria inasemaje? Kamati si mahakama. Talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Mahakama huangalia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa yao wote wawili, na mahitaji ya watoto. Aidha, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hivyo basi, jina lililo kwenye fomu pekee halimalizi maneno.

Wahisani wetu walioko Marekani huenda wanalifahamu suala hili kwa upande wa mbwa na paka. Katika jimbo la California, tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu jaji kuzingatia matunzo ya mnyama anapoamua abaki na nani. Kwetu mnyama huyo hulisha watoto, kwa hiyo swali la matunzo lina uzito zaidi.

Ng'ombe si shamba linaloweza kusubiri hukumu. Anahitaji majani, maji na kukamuliwa kila siku, hata wenye nyumba wakiwa hawasemeshani. Kwa sababu hiyo tunazishauri kamati za sharika zote zifanye yafuatayo:

1. Mkataba usainiwe na mume na mke, mbele ya mashahidi.

2. Mkataba utaje wazi kuwa ndama wa kulipa ni deni la wote wawili, na kwamba deni hilo haliishi kwa kutengana.

3. Wanandoa waandike mapema, wakiwa bado wanapendana, ng'ombe atatunzwa na nani wakitengana. Wafikirie nani anamhudumia, watoto watakaa wapi, na nani ana banda na malisho.

4. Mgogoro ukianza, kamati isimchukue ng'ombe kama adhabu. Iwasaidie wakubaliane nani atamtunza kwa muda, imwombe mtaalamu wa mifugo amtembelee, kisha iwaelekeze kwenye Baraza.

5. Atakayebaki na ng'ombe anaweza kumfidia mwenzake kwa fedha, au kwa ndama atakayezaliwa baada ya deni kulipwa.

Tunaendelea kuziombea ndoa zetu zidumu. Lakini kuandika makubaliano hakuvunji ndoa ya mtu. Kunamlinda mtoto anayesubiri kikombe cha maziwa, na jirani anayesubiri ndama. Tunaziomba kamati zipitie mikataba ya zamani kabla ya ugawaji ujao, na palipo na sahihi moja, iongezwe ya pili.