Jina Lako Katika Orodha ya Wachaguzi

Wakristu wengi hudhani kwamba mwenye karte ya uchaguzi amemaliza yote. Sivyo. Karte yaonyesha kwamba aliandikwa. Lakini siku ya kura jina lake hutafutwa katika orodha ya kituo. Kwa uchaguzi wa mwaka 2023 CENI iliandika wachaguzi zaidi ya milioni 43. Lakini maandishi ya karte nyingi yalifutika upesi, na wengi wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakuandikwa kwa ajili ya vita.

Basi tufanye nini? Orodha ibandikwapo, katekista awapeleke watu, awasomee wasiojua kusoma. Kosa likionekana mapema laweza kutengenezwa. Tusiwaambie wamchague nani. Tuwasaidie tu wajue kama wameandikwa.