Mboga za Ndoo Hufa kwa Kukosa Hewa

Mkazi wa mjini asiye na kiwanja hupanda mchicha na sukumawiki kwenye ndoo iliyopasuka au kiroba, na udongo huuchota popote unapopatikana. Baada ya wiki chache majani yanapoingia manjano, yeye huongeza samadi au mbolea ya dukani. Mara nyingi tiba hiyo haigusi ugonjwa wenyewe. Ndani ya ndoo kinachopungua kwanza ni hewa, na anayechanganya udongo wa kupandia aanze kwa kuitafuta hewa hiyo, mbolea ije baadaye.

Mizizi hupumua. Shambani maji ya mvua huzama mbali, na minyoo ya ardhini huacha vijia ambamo hewa hupita. Kwenye chombo maji hushuka hadi kitakoni na kukwama hapo, hata kama matundu yapo, kwa sababu chembe laini za udongo huyang'ang'ania. Sifongo lililolowa linaonyesha jambo hili waziwazi: lilaze mpaka liache kudondosha, kisha lisimamishe, maji yataanza kutoka tena. Ndiyo maana udongo uleule hutuamisha maji zaidi kwenye karai fupi kuliko kwenye ndoo ndefu. Wengi hutandaza kokoto chini wakidhani zitasaidia. Kumbe maji hayaingii kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mianya mikubwa ya kokoto. Tabaka la tope linapanda juu tu, karibu zaidi na mizizi.

Dawa ni kuubadilisha udongo wote. Kipimo cha kuanzia ni ndoo 2 za udongo wa tifutifu, ndoo 1 ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na ndoo 1 ya kitu cha kuupa mianya: maganda ya mpunga, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Mchanga laini haufai, kwani huziba nafasi ulizokusudia kuzifungua. Mchanga wa pwani una chumvi. Hali kadhalika makumbi yaliyozikwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Zanzibar, hivyo yasuuzwe mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maranda mabichi nayo, yanapooza, huinyang'anya mimea naitrojeni.

Atakayesema kwamba babu zetu walilima kwa udongo mtupu hajakosea, ila wao walilima ardhini, si kwenye ndoo. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi, lakini maganda ya mpunga na makumbi mara nyingi ni taka, na mboji hutokana na mabaki ya jikoni. Ukweli ni kwamba mchanganyiko mwepesi hukauka haraka, na wakati wa jua kali huenda ukahitaji maji kila siku. Hata hivyo, kumwagilia ni kazi ya dakika chache, ilhali mzizi uliooza haufufuki. Kabla ya kupanda, finyanga konzi moja ya udongo uliolowa kiasi: ushikamane, kisha uvunjike ukiugusa kwa kidole. Ukibaki donge, ongeza maganda. Fedha ya mbolea isubiri.