Masisi: Sauti haihitaji magongo, lakini studio ina ngazi

Huko Kirotshe, kandokando ya Ziwa Kivu katika wilaya ya Masisi, redio ndiyo inayomjulisha mkaaji kama barabara ya Sake inapitika, kama chanjo imefika, kama kuna mapigano. Msikilizaji hamwoni mtangazaji. Hajui kama anayesoma habari amekuja kazini kwa magongo au kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Kazi hii ingepaswa kuwa ya kwanza kumfungulia mlango kijana mwenye ulemavu wa viungo.

Vijana hao si wachache. Polio imeacha alama zake katika Kivu, kisha vita vya zaidi ya miaka 30 vikaongeza waliokatwa mguu au mkono. Mjini Goma, kituo cha Shirika la Umoja kinawatengenezea viungo bandia na kuwafundisha kutembea upya. Lakini baada ya kutembea, mtu anahitaji kazi.

Kizuizi hakiko mdomoni. Kiko njiani. Mwandishi wa habari anatakiwa kupanda pikipiki, kupita kwenye matope, kufika kambini mwa wahamaji, kisha kurudi kabla ya saa ya habari. Studio nyingine iko juu, na ngazi ni nyembamba. Tena siku hizi hata redio inapigwa video na kuwekwa kwenye Facebook. Jicho la mtazamaji limeingia mahali ambapo zamani palikuwa na sikio tu.

Jicho hilo linaweza kuwa kali, hata katika nchi tajiri. Mwaka 2009, Cerrie Burnell, aliyezaliwa bila sehemu ya mkono wa kulia, alianza kutangaza vipindi vya watoto kwenye BBC, Uingereza. Wazazi fulani walilalamika kwamba atawatisha watoto wao. BBC haikumwondoa, aliendelea hadi 2017.

Mwenzake Ade Adepitan alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1973, akapata polio akiwa bado mtoto mdogo. Familia yake ilihamia London. Alicheza mpira wa kikapu kwa kiti cha magurudumu, akapata medali ya shaba kwenye michezo ya Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, kisha akawa mtangazaji wa televisheni. Mwaka 2012, Channel 4 ilipoonyesha Paralimpiki ya London, yeye alikuwa kati ya watangazaji wake. Televisheni hiyo haikungoja siku ya michezo: mapema ilitafuta watu wenye ulemavu, ikawafundisha kazi, ndipo ikawaweka mbele ya kamera.

Hilo ndilo linalokosekana huku kwetu. Kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, walemavu hualikwa studioni kusimulia mateso yao. Kesho yake kiti kinarudi kwa wengine. Mgeni wa siku moja hajengi kazi. Anayeijenga ni yule anayesoma bei za soko, matokeo ya mpira na habari za usalama, siku baada ya siku, hadi wasikilizaji wanamtambua kwa sauti.

Sheria ipo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki zao. Mwaka 2019 serikali ya Kinshasa ilimpa Irène Esambo, mwanasheria ambaye yeye mwenyewe anaishi na ulemavu, wizara inayowahusu.

Lakini sheria haibebi mtu kwenye ngazi. Kwa redio ya jamii, mwanzo unaweza kuwa mdogo: kuhamishia studio chini, kuweka mteremko wa mbao mlangoni, kukubali ripoti za simu na WhatsApp kutoka kijijini, na kumpokea mlemavu mmoja kwa staji kila mwaka. Mengine, sauti yake itayafanya.