TULE WAPI? Samaki, maharage na kikaango, kutoka Mbinga hadi Ziwa Nyasa



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila likizo inapokaribia, maswali tunayoulizwa sana hapa madrasani si ya nahau wala ya mirathi, bali ni ya tumbo. Kijana anatoka Ukata kwenda Mbinga mjini, au anateremka Mbamba Bay kwa jamaa zake. Njaa inamkuta stendi, na mbele yake kuna vibanda vinavyofuka moshi. Ale wapi? Wenzake waliobahatika kufika Zanzibar wamemsimulia habari za Forodhani, urojo na mishkaki ya jioni, hata ikawa kana kwamba huku kwetu hakuliki.

Sisi walimu tunasema kwamba kwetu kunaliwa, tena vizuri sana. Tofauti ni moja. Pale Forodhani karibu kila anayechoma nyama ni Muislamu, na mtoto hana haja ya kuuliza kitu. Huku wenyeji wetu wengi ni Wakristo, nao ni majirani zetu, na kwa wengi wetu ni ndugu wa damu, na nguruwe hufugwa katika nyumba nyingi. Kwa hiyo mlaji wa huku anahitaji elimu zaidi kuliko mlaji wa Forodhani.

Tuanzie milimani. Chakula cha kwanza cha kusifiwa Mbinga ni maharage, na asiyeyaheshimu hajui yalikotoka. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, wanachokifanya kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka mia moja. Hukata nyasi, huzipanga kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, hata shamba zima likawa mashimo na kingo. Maharage hupandwa juu ya kingo, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha maji hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo, na zile nyasi huoza zikawa mbolea. Basi unapoletewa sahani ya ugali na maharage kwa mama lishe wa sokoni, mahindi na maharage hayo huenda yametoka katika shimo moja.

Maharage mazuri ni yaliyobandikwa alfajiri. Ukifika saa sita mchana utayakuta yameiva na mchuzi wake umekuwa mzito. Ukifika saa tisa utakuta yameongezwa maji. Hilo halihitaji fatwa. Nazi huku ni mgeni kutoka pwani, kwa hiyo usitarajie maharage ya nazi, na yasiyo na nazi yakiungwa vizuri kwa kitunguu na nyanya hayana upungufu wowote. Kinachotushangaza sisi ni kahawa. Wilaya yetu inasifika kwa kahawa ya arabika, milima imejaa mibuni, lakini ukiagiza kinywaji cha moto mgahawani utaletewa chai ya rangi. Kahawa tunailima, wanaoinywa wako mbali.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni kikaango. Wanafunzi wengi hudhani hatari iko katika chakula chenye jina baya. Jina baya halimdanganyi mtu: penye bango la kiti moto kila Muislamu anapita mbali. Linalotatiza ni karai la chipsi. Viazi ni halali, mayai ni halali, lakini mafuta yanayovikaanga yamekuwa jikoni tangu asubuhi, na pengine nyama ya nguruwe imetangulia humo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii nguruwe ni najisi nzito kama mbwa, na chombo kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. (Jaribu kumwambia muuza chipsi wa stendi jambo hilo wakati basi linapiga honi!)

Suala hili si geni. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani, Allah amridhie, alimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kula katika vyombo vya Ahlul Kitab alioishi nao jirani, watu waliokuwa wakipika nguruwe katika vyungu vyao. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kwamba mkipata vyombo vingine msitumie hivyo. Na msipopata, basi vioshwe na mle. Tazameni, ndugu zetu, jinsi hali ya Abu Thaalaba inavyofanana na hali yetu sisi wa Mbinga. Hakuamrishwa kuhama wala kugombana na majirani zake. Alifundishwa kuangalia chombo.

Hivyo basi, tunawafundisha wanafunzi wetu namna ya kuuliza. Usiulize, "Hapa pana halali?" Mwenye biashara atakujibu ndiyo kwa sababu anataka uketi, na huenda hajui sharti moja la uhalali. Uliza anachokijua. "Shikamoo mama. Samahani, mafuta haya leo yamekaanga nini?" Hapo atakwambia ukweli, kwa kuwa hana sababu ya kuuficha. Akisema amekaanga nguruwe, mshukuru na uagize maharage, au ndizi zilizochomwa juu ya makaa, mradi wavu wake usiwe ule wa nyama hiyo. Wako mama lishe wasio Waislamu ambao wakishamzoea mteja wanamtengea kikaango chake, tena wanawakemea wahudumu wao wanaokichanganya na vingine. Heshima ya namna hiyo haipatikani kwa mtu anayeingia mgahawani amekunja uso na kuziba pua.

Kuhusu nyama ya ng'ombe na ya mbuzi tutapita haraka. Kwa desturi iliyozoeleka sehemu nyingi za Tanzania, mchinjaji wa machinjioni ni Muislamu, na desturi hiyo imetuwezesha sote kula meza moja kwa miaka mingi. Thamani yake ilionekana pale ilipotikiswa: Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje uligeuka ghasia na mchungaji akauawa. Inna lillahi. Ugomvi wa kitoweo ukafikia damu ya mtu! Aya ya 5 ya Surat Al-Maida imehalalisha kwetu chakula cha waliopewa Kitabu, na wanavyuoni wana maelezo na masharti katika hilo ambayo wakubwa watayasoma darasani. Kadhalika, katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kuna watu waliokuwa wakiletewa nyama na wapya katika Uislamu, wasijue kama ilitajiwa jina la Allah, na Mtume (S.A.W.) akawaelekeza wao wapige Bismillahi na wale. Kwa hiyo kuuliza kupo, ila kumhoji mtu kama polisi hakumo.

Kuku ndiye mgumu. Ng'ombe wa buchani amepita machinjioni, lakini kuku wa mgahawani huchinjwa uani na yeyote aliye karibu na kisu. Pengine mama lishe humwita kijana wa Kiislamu wa jirani amchinjie. Basi muulize nani huchinja. Asiyekuwa na jibu, muagize mayai.

Neno kidogo kuhusu togwa, maana wazazi wametuuliza. Uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi, ukiwa mtamu, ni kinywaji chema, na siku ya jua kali hauna mpinzani. Ukikaa, huchacha na kuelekea kwenye pombe. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akinywa maji yaliyorowekwa zabibu kwa siku hiyo, ya pili, na hadi jioni ya tatu, kisha yaliyobaki hakuyanywa tena. Zabibu na ulezi ni vitu viwili, na joto la ziwani huchachisha upesi kuliko baridi ya Mbinga, kwa hiyo togwa inunuliwe ya siku hiyo hiyo. Inayotoa povu na kuwasha ulimi iacheni.

Tuteremke sasa ziwani, ambako mlaji Muislamu anapumua. Barabara ya lami inatutoa kwenye baridi ya milima na kutushusha hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ziwa hili lina aina zaidi ya 700 za samaki, na nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Samaki hachinjwi, na mawindo ya majini yamehalalishwa katika aya ya 96 ya sura hiyo hiyo ya Al-Maida. Hapo swali la nani kachinja linaanguka lote, linabaki lile la kikaango tu. Na kama samaki kachomwa kwenye wavu wa samaki watupu, mbele ya macho yako, halibaki hata hilo.

Mbasa ndiye mheshimiwa wa ziwa: mkubwa, mwenye kung'aa kama fedha, nyama tamu na miiba mingi, kwa hiyo watoto wachambuliwe. Wakati wa mvua hupanda mito kwenda kuzaa, ukiwemo Ruhuhu unaoingia ziwani karibu na Lituhi, na wanaotega nyavu midomoni mwa mito wanamkamata kabla hajazaa. Ndiyo maana amepungua. Sisi tunaona asiyempata mbasa asinung'unike, ale dagaa kwa ugali wa muhogo. Ugali huo ni mzito na wa kunata, nao ndio chakula cha mwambao. Anayeuonja mara ya kwanza hulalamika, mara ya tatu huuitisha mwenyewe.

Na dagaa wana kalenda, tena ni kalenda yetu ya Hijria. Huvuliwa usiku kwa taa: mvuvi huwasha mwanga juu ya maji meusi, dagaa hukusanyika, wavu hutupwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina la kufanya, na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Kwa maana hiyo mwenye kufunga zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 anafunga wakati ambao dagaa wabichi ni wachache na bei imepanda. Anayetaka kula dagaa wa usiku ule ule ateremke mwisho wa mwezi au mwezi ukiwa mchanga, afike ufukweni baada ya Alfajiri.

Wa kupeleka nyumbani wachaguliwe waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini hubeba mchanga. Hao wasuguliwe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu kabla ya kukaangwa.