Je, Wajua? Kamera Isiyosubiri Betri

Pentax K1000, kamera ya mkanda ya Wajapani iliyotoka mwaka 1976, hupiga picha hata bila betri. Betri ni ya kupimia mwanga tu. Shata inaendeshwa na springi. Ukibonyeza, kioo kilicho nyuma ya lenzi huruka juu na jicho lako hupata giza. Yaani ile nukta uliyoinasa, wewe mwenyewe hukuiona!

Baya zaidi ni mkanda kutoshika. Kila unapovuta wenzo wa kuusogeza, tazama kitasa cha kuurudishia, juu kushoto. Kikizunguka, mkanda unasonga. Kisipozunguka baada ya picha mbili tatu, upachike upya, maana kaunta itaendelea kuhesabu picha zisizokuwepo.