Ushindi wa Vipingo na Mabinti wa Pwani

Mtu wa Kilwa Kivinje akitajiwa Mjerumani, hukumbuka kwanza kitanzi alichonyongewa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kumbukumbu hiyo ni haki yake. Lakini leo safu hii inamzungumzia Mjerumani wa namna nyingine: binti aliyefika pwani ya Waswahili na mfuko wa fimbo za gofu, akaondoka na kikombe.

Binti huyo ni Esther Henseleit, aliyezaliwa mwaka 1999 katika mji wa Varel, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 2019 ulikuwa wake wa kwanza katika gofu ya kulipwa. Mwezi Desemba alifika Vipingo, Kilifi, nchini Kenya, kwenye uwanja uliojengwa palipokuwa na shamba la mkonge, mfano wa mashamba yetu ya Kikwetu.

Katika gofu, mshindi ni yule anayeutumbukiza mpira katika mashimo 18 kwa mapigo machache kuliko wenzake, na hesabu hujumlishwa kwa siku zote za mashindano. Siku ya mwisho Esther alitumia mapigo 64 mahali ambapo kipimo ni 72, akampita Aditi Ashok wa India kwa pigo moja tu. Kwa ushindi huo akawa wa kwanza katika orodha ya wanawake wote wa mzunguko wa Ulaya mwaka ule, naye ana umri wa miaka 20. Mashindano hayo yaliporejea mwaka 2022, baada ya kukatizwa na UVIKO-19, alishinda tena. Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, alitwaa nishani ya fedha nyuma ya Lydia Ko wa New Zealand.

Ndugu msomaji, mafanikio hayo hayakushuka kama mvua. Kabla ya kulipwa hata senti moja, binti huyu alilelewa katika gofu ya ridhaa na kuichezea timu ya taifa lake. Alikuwa na mwalimu, uwanja na muda. Kipaji kilikuwa chake. Malezi yalikuwa ya jamii.

Je, wanawake wetu wamepungukiwa nguvu? Hasha. Mwaka 1965 mjini Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akaipatia Tanzania nishani ya fedha katika Michezo ya Afrika. Katika gofu yenyewe, Rose Naliaka wa Kenya aliingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa, kisha akaanzisha shule ya mchezo huo kwa ajili ya wasichana.

Huku kwetu Lindi, wasichana huonekana katika UMITASHUMTA na UMISSETA wakikimbia na kurusha mpira wa pete kwa ustadi mkubwa. Shule ikiisha, mchezo nao huisha. Kaka zao hubaki na timu za mtaa na kiwanja kila jioni. Wao hubaki na ndoo na jembe.

Hatusemi Kilwa ichimbwe mashimo 18. Uwanja wa gofu hula ardhi na maji mengi, na ardhi yetu ina kazi ya ufuta, mihogo na korosho. Tunalodai ni dogo: kila kata iwe na timu ya wasichana waliomaliza shule, mwalimu anayeaminiwa na wazazi, na siku zao mahususi za kutumia kiwanja. Na mzazi anayehofia heshima ya bintiye aelewe kwamba stara haipingani na mazoezi. Mavazi ya heshima yapo, na waalimu wanawake wanaweza kufundishwa.

Viongozi wa kata wakikutana, basi, na waulizane: wasichana wetu hufanya mazoezi wapi, siku gani, na chini ya mwalimu yupi? Mahali ambapo swali hilo halina jibu, tusishangae vikombe vya pwani yetu vikichukuliwa na wageni.