Kabla Kikundi Hakijanunua Kompyuta

Wengi wenu hapa Theta mnachanga pesa mnunue kompyuta ya mitumba na printa ya kuandikia hesabu na kumbukumbu za mikutano. Ni jambo jema. Lakini tumeona printa nzima ikikaa kabatini bure, kwa sababu kompyuta haikuitambua.

Kila kifaa huhitaji programu ndogo ya kukiunganisha na kompyuta. Mafundi huiita draiva. Draiva ya Windows haifanyi kazi kwenye Linux. Kompyuta nyingi za mezani duniani hutumia Windows, kwa hivyo watengenezaji wa printa huanza na hiyo. Linux ni ya bure, lakini wengine huisahau.

Basi tuchukue Windows tu? Ngojeni kidogo. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Hizo Linux huweza kuzifufua.

Kwa hivyo, kabla mweka hazina hajatoa pesa, mwambieni muuzaji aunganishe printa hiyo na kompyuta hiyo, atoe ukurasa mmoja mkiona. Akikataa, rudini na pesa zenu. Hiyo ni jasho la wanachama wote.